Puto Lililovuka Duthumi Likapotelea Sinema

Saa kumi na mbili na nusu jioni, puto lililokuwa limeondoka Zanzibar asubuhi ya Aprili 18, 1862 lilijikuta uso kwa uso na mlima Duthumi. Kikapuni walikuwamo watu watatu kutoka Uingereza: Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake mwindaji Dick Kennedy, na mtumishi wao Joe. Daktari hakutaharuki. Aliongeza joto la gesi kwa digrii 18 tu, puto likapanda zaidi ya futi 3,000, likauvuka mlima, likashuka upande wa pili na kutia nanga kwa ajili ya usiku.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Puto hilo, Victoria, lilikuwa la kubuni, na abiria wake pia. Aliyewabuni ni Mfaransa Jules Verne katika riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, Wiki Tano Ndani ya Puto, iliyotoka Paris Januari 1863. Hiyo ndiyo iliyofungua njia ya safari za mwezini, chini ya bahari na katikati ya dunia, vitabu vilivyomfanya Verne ahesabiwe miongoni mwa waasisi wa riwaya za kisayansi. Lakini Duthumi si jina la kubuni. Lipo hadi leo upande wa kusini-mashariki wa Milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Morogoro, kwenye njia ya Bigwa, Mkuyuni, Matombo na Mvuha kuelekea Kisaki. Kwa maneno mengine, mmoja wa mababa wa hadithi za kisayansi duniani, siku ya kwanza kabisa ya safari yake ya kwanza, alipita jirani na Morogoro.

Ni jambo la kushangaza kwamba mji unaojisifu kuwa na kila kitu kasoro bahari haujawahi kulipigia debe hilo.

Sababu moja ni kwamba wengi wanaoijua hadithi ya puto hilo wameijua kupitia sinema, na sinema ndiyo iliyoufuta mlima. Mwaka 1962, miaka 100 baada ya safari ya kubuni ya Fergusson, mwongozaji wa Hollywood Irwin Allen alitoa filamu yenye jina lilelile. Mwaka huohuo kampuni ya Pyramid ya Marekani ikachapisha kitabu kidogo cha jalada laini, Five Weeks in a Balloon, kilichoandikwa na Gardner F. Fox. Mtu angeweza kudhani ni tafsiri ya Verne. Sivyo. Fox hakutafsiri riwaya. Aliiandika riwaya kutokana na filamu, filamu ambayo nayo ilitokana na riwaya. Hadithi ilitoka kitabuni, ikaenda kwenye pazia la sinema, ikarudi kitabuni ikiwa na sura nyingine.

Vitabu vya aina hiyo, yaani riwaya zilizoandikwa kufuata filamu, vimedharauliwa kwa muda mrefu. Wahakiki huviona kama bidhaa ya kuuzia tiketi, kundi moja na fulana na vikombe vyenye picha ya shujaa. Dharau hiyo ina haki yake, maana vingi viliandikwa mbiombio na kusahaulika mbiombio. Hata hivyo msomaji mwenye subira hupata humo kitu ambacho hakipatikani kwenye filamu wala kwenye riwaya ya asili: anaona nini kimeongezwa, nini kimeangushwa njiani, na ni nani aliyeamua.

Tuanze na kilichoangushwa. Verne alipoandika sura zake za Uzaramo na Uluguru hakuwa amekanyaga Afrika. Alikuwa na umri wa miaka 34, na safari yake yote aliisafiri mezani, kwa kusoma. Kitabu kilichomfaa zaidi kwa upande huu wa bara ni masimulizi ya Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke wakielekea Ziwa Tanganyika. Burton alipita Duthumi, akaugua homa hapo, akaendelea hadi Zungomero, kituo kikubwa cha misafara chini ya milima. Majina hayo Verne aliyachukua kama alivyoyakuta. Ndiyo maana msomaji wa Morogoro akifungua sura ya 12 na ya 13 ya riwaya hiyo anakutana na ramani anayoitambua: Uzaramo, Duthumi, kisha milima ya Rubeho mbele kabisa. Kijiji cha Dege la Mhora nacho kimo, kwa sababu ndipo alipouawa Maizan, ofisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, mwaka 1845.

Ramani inatambulika, lakini vipimo vinachekesha. Futi 3,000 na kitu ni kama mita 900 hivi. Kwa vilima vya mbele vya Duthumi huenda zikatosha. Lakini nyuma yake umesimama mgongo wenyewe wa Uluguru, ambao kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, na Lupanga, unaoutazama mji wa Morogoro kutoka kusini, unapita mita 2,100. Puto la Fergusson lingekosea njia kidogo tu kuelekea kaskazini-magharibi kwa kimo kile, hadithi ingeishia msituni jioni ya siku ya kwanza, na Verne angelazimika kurudi kwenye kazi yake ya zamani katika soko la hisa la Paris. Kuna jambo jingine ambalo fundi yeyote wa gesi atalinong'ona. Victoria lilijazwa haidrojeni, na daktari aliipandisha joto kwa kuwasha moto chini yake. Haidrojeni na moto ni maadui wa kuaminika.

Cha kuvutia zaidi ni homa. Baada ya usiku ule wa kwanza Kennedy anaamka akitetemeka. Fergusson anamwambia kwamba atamtibu bila dawa, naye anafanya hivyo kwa kuliinua puto juu ya mawingu ya mvua hadi kwenye jua na hewa baridi. Baada ya saa chache mgonjwa amepona na anaomba chakula. Mwaka 1863 dunia ilikuwa bado inaamini kwamba homa hutoka kwenye hewa chafu ya mabwawa. Ushahidi kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria ulipatikana 1897. Tiba ya Fergusson ni porojo. Ila mtu yeyote aliyepanda kutoka joto la Mvuha hadi kwenye baridi ya Mgeta, huko kwenye makabichi na njegere, anajua kwamba mbu hupungua kadiri unavyopanda. Verne alikosea sababu, akakaribia jibu. Hivyo ndivyo riwaya nzuri za kisayansi zinavyokosea.

Si kila kosa lake ni la kucheka nalo. Mbele ya Rubeho kuna tukio ambapo nyani wanalizingira puto, na Joe na Kennedy wanadhani ni wenyeji. Wanapogundua ni nyani, wanataniana kuhusu tofauti ndogo iliyopo kati ya hao na wale. Huko Kazeh, Tabora ya leo, watu wanalidhania puto kuwa mwezi ulioshuka na abiria wake kuwa watoto wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na kuwaumbua wageni. Tukio hili la pili lina ucheshi fulani, maana wanaoaibika mwishoni ni wazungu, wakitimua mbio kuelekea kwenye ngazi ya puto. La kwanza halina ucheshi wowote. Msomaji wa Kitanzania anayekisoma kitabu hicho leo anapaswa kukisoma macho wazi, akijua kwamba mwandishi aliyeweza kukisia vyombo vya karne iliyofuata alishindwa kuwakisia watu waliokuwa wakiishi chini ya njia ya puto lake.

Filamu ya Irwin Allen haikulirekebisha hilo. Ilifanya jambo jingine: ilibadilisha safari. Kennedy na Joe hawamo. Badala yao yumo mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyeigizwa na Red Buttons, kijana mwimbaji Fabian, Barbara Eden, na Peter Lorre kama mfanyabiashara wa watumwa mwenye hila. Sir Cedric Hardwicke ndiye Fergusson, na chombo chao hakiitwi tena Victoria bali Jupiter. Wanaondoka Zanzibar, lakini haja yao si kutazama chanzo cha Mto Nile. Wanakimbilia Mto Volta, Afrika ya Magharibi, ili wakasimike bendera ya Uingereza kabla wauza watumwa hawajawahi kufika. Mashariki yote imegeuzwa kuwa mlango wa kupitia. Ramani ya Burton, ambayo Verne aliibeba kwa uaminifu kiasi chake, imetupwa.

Pengine yafaa kukumbuka kwamba filamu hiyo ilipotoka, Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 9, 1961. Watazamaji wa Marekani walikuwa wakiangalia bendera ya Uingereza ikipelekwa barani kwa puto mwaka uleule ambao bendera hiyo ilikuwa imekwisha kushushwa Dar es Salaam.

Na mwaka uleule ukweli ukaipiku sinema. Mwanzoni mwa 1962 Mwingereza Anthony Smith, akiwa na wenzake, aliruka kutoka Zanzibar hadi bara kwa puto la haidrojeni walilolibatiza Jambo, akimfuata Verne baada ya karne moja. Kutoka hapo walilipeleka kaskazini, wakaruka na kuvuka kreta ya Ngorongoro. Smith aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, na kwa msomaji anayepima mambo ni kitabu chenye thamani kuliko filamu, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho Fergusson hakukubali hata siku moja: puto haliendi unakotaka, linakwenda unakotaka upepo.

Turudi kwa Gardner Fox. Alisomea sheria, lakini jina lake lilijengwa na vitabu vya katuni vya Marekani. Ni mmoja wa waliomuumba Flash wa kwanza na Hawkman, na ndiye aliyeandika hadithi za mwanzo za Justice League mwaka 1960. Mtu wa aina hiyo ndiye ambaye kampuni za vitabu zilimtafuta: mwepesi wa kuandika, asiyeogopa jambo lisilowezekana, na asiyedai jina lake lichapishwe kubwa. Mwaka mmoja kabla, Pyramid hiyohiyo ilikuwa imemtumia Theodore Sturgeon, mmoja wa waandishi mahiri wa hadithi za kisayansi, kuandika riwaya ya filamu nyingine ya Irwin Allen kuhusu nyambizi, Voyage to the Bottom of the Sea. Kumbe hata mafundi wa juu walipita kwenye karakana hii.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Miezi kadhaa kabla ya filamu kutoka, mwandishi hupewa muswada wa filamu, mara nyingi usio wa mwisho. Filamu hajaiona, na pengine haijamalizwa kupigwa picha. Muswada ni mazungumzo na maelekezo mafupi. Hausemi mhusika anawaza nini, chumba kinanuka nini, wala kwa nini mtu aliyeogopa jana leo ni jasiri. Hayo yote mwandishi huyajaza mwenyewe, kwa haraka, ili kitabu kiwe dukani siku filamu inapoanza kuonyeshwa. Desturi hiyo ni ya zamani. Riwaya ya King Kong iliyoandikwa na Delos Lovelace ilitoka Desemba 1932, miezi kabla ya jitu lenyewe kuonekana sinema mwaka 1933.

Kwa kuwa kitabu hutangulia, mambo ya ajabu hutokea. Riwaya ya Star Wars ilitoka mwishoni mwa 1976 ikiwa na jina la George Lucas jaladani. Aliyeiandika ni Alan Dean Foster, na filamu ilifuata Mei 1977. Isaac Asimov aliandika riwaya ya Fantastic Voyage, ile ya wanasayansi wanaofanywa wadogo na kuingizwa ndani ya mwili wa mgonjwa kwa chombo kidogo. Kitabu kikatoka miezi kabla ya filamu mwaka 1966, na watu wengi wakaamini kwamba filamu ndiyo iliyotoka kwa Asimov. Lakini Asimov hakuwa mwandishi wa kunakili. Aliona kwamba filamu inawaokoa mashujaa na kukiacha chombo chao ndani ya mwili, kana kwamba chembe nyeupe ikikila basi kimetoweka. Kwa hesabu ya hadithi yenyewe, mabaki yake yangerudi ukubwa wake wa kawaida na kumpasua mgonjwa. Katika riwaya yake akahakikisha kimetoka.

Mfano huo peke yake unatosha kuonyesha kwa nini vitabu hivi havistahili kutupwa jalalani. Filamu inakwenda mbio, mtazamaji hapati nafasi ya kuuliza. Msomaji anauliza, na mwandishi wa kitabu analazimika kujibu. Mfano wa kinyume ni 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968: Arthur C. Clarke na Stanley Kubrick waliitunga pamoja, mmoja akiandika kitabu na mwingine akitengeneza filamu, na wakaachana njiani. Filamu inaishia kwenye sayari ya Mshtarii; kitabu kinakwenda hadi Zohali. Wasomaji waliochanganyikiwa na dakika za mwisho za filamu walikimbilia kitabu, wakapata maelezo ambayo Kubrick alikataa kuyatoa. Wapo wanaosema Clarke alieleza kupita kiasi. Pengine ni kweli, lakini mtu aliyelipa tiketi ana haki ya kuuliza ameona nini.

Morogoro haina duka la kuuza riwaya za aina hii, na mtu akikutana na moja huwa ni kwa bahati, ndani ya rundo la vitabu vya mitumba lenye Biblia kuukuu, vitabu vya uhasibu na riwaya za mapenzi zilizokatika jalada. Filamu zenyewe hata hivyo zilifika zamani, na zilifika zikiwa na msimuliaji. Hapo ndipo Afrika Mashariki ina la kuwaambia Wamarekani.

Mtu aliyekulia mjini katika miaka ya 2000 anavijua vibanda umiza: chumba cha mabati au matofali, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na kiingilio cha sarafu. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina, na sauti iliyosikika juu ya sauti za waigizaji ilikuwa ya Kiswahili. Aliyeipa kazi hiyo jina kubwa Dar es Salaam ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye kanda zake za VHS zilisambaa nchini. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina wanaoitwa ma-VJ, ambao kazi yao imekuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, inajulikana duniani kwa kelele za msimuliaji wake karibu sawa na kwa risasi zake.

Lufufu hakuwa anatafsiri tu. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, ambaye amewachunguza wasimuliaji wa Tanzania, anaonyesha jinsi walivyoeleza, kufupisha, kutania, kuhukumu na kuipa hadithi ya wageni akili ya nyumbani. Mhusika mwenye jina lisilotamkika alipewa linalotamkika. Pale filamu iliponyamaza, msimuliaji alisema mhusika anawaza nini. Yaani alifanya kazi ileile ya Asimov na Foster, ila kwa mdomo, papo kwa papo, akiwa na kipaza sauti badala ya taipureta. Asiyejua Kiingereza alitoka kibandani akiwa na hadithi kamili, pengine kamili kuliko aliyoitoa mwongozaji.

Hasara yake ni kwamba kanda ziliharibika. VHS ziliota ukungu, zikafutwa, zikarekodiwa juu yake. Maneno ambayo maelfu ya watu waliyasikia na kuyakariri hayamo kwenye maktaba yoyote kama kitabu. Lufufu ndiye mwandishi mkubwa wa riwaya za filamu tuliyekuwa naye, na hakuna mtu aliyeketi kuyaandika aliyoyasema.

Lakini walikuwapo waliojaribu kuipeleka filamu kwenye karatasi. Baada ya Titanic ya James Cameron kuitikisa dunia mwaka 1997, mchoraji Joshua Amandus Mtani aliichora upya kwa Kiswahili katika kitabu cha katuni alichokiita Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Meli si puto, na Titanic si hadithi ya kisayansi, lakini kitendo ni kilekile: Mtanzania alitazama filamu, akairudisha kwenye karatasi kwa lugha yake na kwa macho yake. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakipokezana jarida la African Film, ambalo halikuwa filamu hata kidogo. Lilikuwa hadithi ya picha za kamera zenye maneno, na shujaa wake, mpelelezi Lance Spearman, alivaa kofia na kupigana kwa mtindo wa sinema za James Bond. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, naye akaanzisha jarida lake la namna hiyo, Film Tanzania. Watu walisoma filamu ambazo hazikuwahi kutengenezwa, na hawakuona ajabu.

Wala msomaji wa Kiswahili si mgeni wa safari za mbali. Katama Mkangi katika Walenisi, riwaya ya 1995, alimpakia mhusika wake kwenye chombo na kumrusha hadi kwenye jamii nyingine kabisa. Kyallo Wadi Wamitila alimzungusha mhusika wa Bina-Adamu! mwaka 2002 katika dunia iliyogeuzwa kijiji. Na Hammie Rajab, mmoja wa waandishi waliosomwa sana katika miaka ya 1970 na 1980, aliipa riwaya yake jina la Miujiza ya Mlima Kolelo. Kolelo ni jina la Uluguru, jina la mzimu uliokuwa ukiombwa mvua na mavuno na kuheshimiwa na Waluguru na Wazaramo tangu kabla ya Vita vya Maji Maji. Verne aliuona mlima kama kizuizi cha kurukwa kwa digrii 18 za joto. Hammie Rajab aliona kwamba mlima wenyewe ndio hadithi. Kati ya hao wawili, aliyekuwa karibu zaidi na watu wa Matombo hahitaji kutajwa.

Pengo lipo, lakini si pengo la vipaji. Tanzania imezoea njia moja: kitabu kwenda filamu. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ilitengenezwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hadithi za Eric Shigongo zilizotoka kwa mfululizo magazetini zimepigwa picha. Safari ya kurudi, kutoka filamu kwenda kitabu, karibu haipo. Filamu za Bongo hutengenezwa kwa wingi, huonyeshwa, hupanda YouTube, kisha huzama, na muswada wake hubaki kwenye kompyuta ya mwandishi au kwenye simu ya mwongozaji. Tamthilia za televisheni zinazowakalisha watu sebuleni kila jioni, mijini na vijijini, nazo hazijazaa hata rafu moja ya vitabu.

Wachapishaji watasema Watanzania hawasomi. Hoja hiyo imechakaa, na magazeti ya hadithi za mfululizo yaliikanusha zamani. Msomaji anayejua hadithi tayari ndiye msomaji rahisi kumpata: ameshawapenda wahusika, anataka kujua filamu ilikata nini. Mwanafunzi wa sekondari ya Morogoro anayekimbia riwaya ya kurasa 300 kwa kuwa hamjui yeyote ndani yake anaweza kumaliza kitabu cha kurasa 150 kuhusu mtu aliyemwona jana usiku. Walimu wa lugha kwingineko duniani wamekuwa wakiutumia ujanja huo kwa miaka mingi.

Wazalishaji wa filamu nao wana la kufanya, na halina gharama kubwa. Wanapoandika mkataba na mwandishi wa muswada, waongeze kifungu cha kitabu na kiwango cha mrabaha wake. Wakishindwa kumlipa mwandishi mwingine, wamwachie huyohuyo haki ya kukiandika. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeshaonyesha kwamba serikali iko tayari kutia fedha kwenye riwaya ya Kiswahili; kipengele cha riwaya iliyotokana na filamu ya Kitanzania kingewavuta vijana ambao leo wanaandika kwa ajili ya kamera tu. Na yeyote aliyebaki na kanda za Lufufu kabatini asizitupe. Azipeleke kwa wanaoweza kuzihamishia kwenye kompyuta, maneno yake yaandikwe kabla hayajaisha kabisa.

Kwa mwandishi wa Morogoro kuna njia nyepesi zaidi ya hizo zote. Filamu ya Irwin Allen na riwaya ya Gardner Fox ni mali ya watu, na hazigusiki bila ruhusa. Verne alifariki mwaka 1905, na riwaya yake ya puto ni huru kwa yeyote anayetaka kuitafsiri, kuigeuza, kuichora, kuitengenezea filamu au kuiandika upya kuanzia chini, kwa macho ya mtu aliyekuwa shambani Duthumi jioni ile, akaona kitu kikubwa kinapita juu ya mlima.

Hakuna wa kuombwa kibali.